Motokari ya Zamani: Yatulisha au Yatula?



Katika nyumba nyingi za kwetu mna mlaji mmoja asiyehesabiwa wakati wa kugawa ugali. Hali mahindi, hunywa mazutu; hana kinywa cha kusema, lakini watoto humtambua kwa mngurumo akiwa bado nyuma ya kilima, wakakimbia njiani kumpokea. Ndiyo motokari ya zamani. Leo napenda tuongee habari zake, wala si kwa mzaha, kwa kuwa katika jamaa yangu mwenyewe motokari ya namna hiyo ilimkalisha msichana nyumbani mwaka mzima, naye alikuwa amekwisha kupata diploma yake ya Serikali, na mahali pake pa masomo huko Lubumbashi palikuwa tayari.

Mwenye motokari ni baba yangu mdogo, mkaaji wa Kalemie. Ni Toyota Land Cruiser ya namna ya HZJ75, rangi nyeupe, iliyotengenezwa mwaka 1994. Aliinunua mwaka 2009 kwa dola 9,000, katika mnada wa shirika moja la misaada lililokuwa likifunga kazi zake. Watoto waliipa jina la Koko, kama tuwaitavyo wazee waliowazaa wazazi wetu, na jina hilo limeshika hata kwa wakaguzi wa vizuizi vya barabara. Koko ilimleta bibi-arusi wangu siku ya ndoa yetu. Usiku mmoja wa mvua, mwaka 2013, ilimfikisha mama yangu kwa waganga saa ambayo hapakuwa na pikipiki iliyothubutu kuvuka mto. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba katika shauri hili mimi si hakimu asiye na upande.

Kazi ya Koko ni kupakia mahindi, maharagwe na samaki wakavu kati ya Moba na Kalemie, pamoja na abiria wanaokaa juu ya magunia. (Jambo hilo la abiria juu ya magunia halinipendezi hata kidogo, na Baba Mdogo anajua, lakini tuliache leo.) Mwezi wa Januari 2024, katika kurudi kutoka Moba, giaboksi ilivunjika meno katika mlima wa matope. Koko ililala pale siku 9. Giaboksi nyingine, iliyokwisha kutumika, pamoja na usafiri wake na malipo ya mafundi, ilimgharimu Baba Mdogo dola 1,150. Fedha hizo zilikuwa ndani ya sanduku, chini ya nguo za Mama Mdogo, nazo zilikuwa za masomo ya binti yao. Baba Mdogo alizitoa akisema: "Koko ikitembea tu, itazirudisha." Mwezi wa Oktoba ulifika. Koko ilikuwa ikitembea vizuri kabisa. Fedha hazikurudi.

Katika likizo ya Noeli Mama Mdogo aliniita. Hakulalamika. Aliweka mbele yangu mkebe wa maziwa uliojaa vikaratasi, akasema: "Mwalimu, wewe unajua hesabu. Tuambie kama Koko anatulisha au anatula."

Twalikaa jioni tatu: Baba Mdogo, msaidizi wake wa njiani, binti yule, na mimi. Yaliyokosekana katika vikaratasi twaliyatafuta katika kichwa cha msaidizi, kijana asiyejua kusoma vizuri, lakini akumbukaye kila bolti iliyokatika na mahali ilipokatikia.

Kabla ya kufungua mkebe, yafaa niseme kwa nini watu wenye akili hushikamana na motokari kama hii. Si mapenzi matupu. Toyota ilianza kutengeneza motokari ya milimani mwaka 1951, ikiitwa BJ. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Ukoo wa namba 70, ambao Koko ni wa ukoo huo, ulitoka mwaka 1984, nao ungali ukitengenezwa hata leo. Maana yake ni kwamba vipuri vyake havijawa vitu vya makumbusho: vyafika Dar es Salaam, vyapanda reli au lori mpaka Kigoma, kisha vyavuka ziwa mpaka kwetu. Injini yake, iitwayo 1HZ, ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Pampu isukumayo mazutu huendeshwa kwa vyuma vitupu. Injini ya namna hii ikigoma milimani, fundi wa kijijini mwenye spana, nyundo na masikio mema aweza kujua kinachoiumiza. Motokari ya siku hizi ikigoma kwa sababu ya waya mmoja mdogo, hungojea mpaka aje mtu mwenye mashine ya kuiuliza inaumwa wapi. Na mtu huyo yuko Lubumbashi.

Wenzetu wenye Land Rover za zamani watasema kwamba yao ni bora zaidi, maana mabati yake ni ya aluminiamu, hayali kutu kama chuma. Ni kweli, tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Lakini shasi iliyo chini ya mabati hayo ni ya chuma, nayo huoza kwa ndani huku mabati yanang'aa kwa nje, hata siku moja mlango unakataa kufungwa na mwenyewe hajui sababu.

Nimeitaja shasi makusudi. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, hata ekseli. Shasi ikioza, motokari imekufa, ingawa inatembea. Sisi wa ziwani tuna bahati: maji ya Tanganyika hayana chumvi, na motokari iliyokaa kando ya ziwa letu haili kutu kama ile iliyokaa miaka kumi kwenye pwani ya bahari. Adui wetu ni matope yanayoingia ndani ya shasi, yakakaa humo na unyevu wake. Basi nalimwomba fundi kwanza aingie chini ya Koko na nyundo ndogo, aigonge shasi kutoka mbele mpaka nyuma, huku sisi tukisikiliza kama watu wasikilizao moyo wa mgonjwa. Sauti ilikuwa ya chuma kizima, ila penye mshikio mmoja wa springi za nyuma palikuwa na ufa, ukaungwa. Kama nyundo ingalitoboa, hesabu zote zingalikuwa za bure, na shauri lingalikwisha siku ile ile.

Haya, mkebe. Tangu Septemba 2023 mpaka Agosti 2024 Koko iliingiza dola 7,860. Zilizotoka ni hizi: mazutu 3,240, vipuri na mafundi 1,970, mipira minne 560, oili, grisi na filta 340, kodi, bima na vizuizi 690, mshahara wa msaidizi 480. Jumla ni 7,280. Zilibaki dola 580 kwa mwaka mzima, yaani hazikufika hata 50 kwa mwezi, kwa mtu anayeendesha mwenyewe, anayelala matopeni, na ambaye hakuwahi kujiandikia mshahara hata wa senti moja.

Baba Mdogo alinyamaza kitambo. Alikuwa akiamini kwamba Koko humwachia zaidi ya dola 2,000 kila mwaka, wala hakuwa mwongo. Kila akishusha mzigo sokoni, mkono wake ulishika fungu nene la fedha. Mkono hukumbuka fungu. Zile zinazotoka dola 5 kwa kizuizi, 12 kwa filta, 30 kwa fundi wa njiani, mkono hauzikumbuki.

Katika ile mazutu ya dola 3,240, ya dola 410 ilikuwa ya safari zisizolipiwa: harusi, misiba, wagonjwa, na zile siku za Aprili 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za Kalemie, Koko ikahamisha vitu vya majirani siku tatu mfululizo. Nalianza kuziandika dola hizo katika mstari wa hasara. Mama Mdogo, aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu na ambaye nalidhani hasikii, alinizuia: "Hizo si hasara, Mwalimu. Andika kwamba tulizitoa." Nalichora mstari wa pekee, nikaandika juu yake TULIZITOA. Nafikiri alikuwa na haki. Hata hivyo nafurahi kwamba zimeandikwa, maana zisipoandikwa, injini husingiziwa ulafi ambao si wake.

Jioni ya pili ilipotea katika ubishi wa giaboksi. Baba Mdogo alisema: "Nimekwisha kutia giaboksi ya dola 1,150, sasa niiuze ili mwingine aifaidi?" Hoja hii naisikia kila mahali penye motokari ya zamani, nayo ndiyo inayowafilisi watu. Aliyetia giaboksi hawezi kuuza kwa sababu ya giaboksi. Mwezi wa tatu anatia klachi ili giaboksi isipotee bure. Mwaka wa pili anatia injini ili klachi isipotee bure. Maji yakimwagika hayazoleki. Zile 1,150 zimekwisha kutoka, Koko ikiuzwa au isiuzwe. Swali ni moja tu: tangu kesho asubuhi, kuwa nayo kutaleta nini na kutachukua nini? Baba Mdogo alijibu kwamba mtu asiyewahi kukaza bolti chini ya mvua ni mwepesi wa kusema hivyo. Twalikwenda kulala.

Kesho yake twaliyatazama mambo ya kuuza. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekwisha kutaja dola 7,000 kwa Koko. Tazameni ajabu hii: ilinunuliwa kwa 9,000, na katika miaka 15 bei yake imeshuka 2,000 tu, kwa sababu imekwisha kushuka zamani mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Mwingine alituonyesha pikapu iliyotumika, kutoka Japani, kwa dola 13,000, usukani ukiwa upande wa kuume, na sisi twaendesha kuume kwa njia. Tuseme baada ya miaka 6 ya barabara zetu itauzwa 7,000. Basi dola 6,000 zimeyeyuka, 1,000 kila mwaka, kabla hujatia tone la mazutu, wala hakuna karatasi yoyote itakayoonyesha hasara hiyo; ni hasara inayolala nyumbani mwako kimya. Tena zile 6,000 za kuongeza juu ya bei ya Koko zingalikopwa, na mkopo huzaa. Kwa upande huu Koko ilishinda. Kuiuza na kutonunua nyingine, hilo lilikuwa shindano la haki zaidi. Lakini Baba Mdogo ana miaka 58, na hajui kazi nyingine ila njia ile. Hakuna aliyetaka kulisema neno hilo kwa sauti, na mimi pia sikulisema.

Jibu lilitoka mahali ambapo sikulitazamia. Mimi nalikuwa nimepanga vikaratasi kwa namna yake, mazutu na mazutu, vipuri na vipuri. Binti yule, aliyekuwa amekaa kimya jioni zote mbili kama mtu asiyehusika, alikuwa akivipanga upya kwa miezi. "Tazama, Yaya," aliniambia. Katika miezi ya mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, Koko iliingiza dola 2,450, ikatoa 3,885. Ilikula 1,435 zaidi ya ilivyoleta. Katika miezi ya kiangazi iliingiza 5,410, ikatoa 3,395, ikaacha 2,015. Katika zile dola 1,970 za vipuri na mafundi, 1,520 zilikuwa za mvua. Siku ilizosimama kwa ubovu zilikuwa 74 kwa mwaka, na 61 za hizo zilikuwa za mvua.

Yaani hatukuwa na motokari moja. Twalikuwa na mbili: ya kiangazi, iliyolisha nyumba, na ya masika, iliyokula kila kilicholetwa na mwenzake.

Nalirukia jibu mara moja: Koko ilale miezi sita, na dola 2,015 zibaki nzima! Hapo Baba Mdogo alicheka kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, kodi na bima nazo hulala? Na kijana huyu ale nini mpaka Mei?" Alikuwa na haki, na nimestahili kuchekwa. Kodi na bima za nusu mwaka ni 345, mshahara wa msaidizi 240. Jumla 585 zinazotoka hata motokari ikiwa chini ya paa. Kwa hiyo hazibaki 2,015 bali 1,430. Lakini 1,430 si 580. Nao mzigo wa masika waweza kupita ziwani, maana Moba na Kalemie zote mbili ziko ukingoni. Nasema mzigo. Watu katika boti iliyojazwa kupita kiasi, siku ya upepo, ni neno jingine, na kila mmoja wetu anajua jina la mtu asiyerudi.

Fundi naye alituambia yake, nami nayaandika kwa ajili ya wale wenye Koko zao. Saa ya kuhesabu kilometa ilikuwa imekufa tangu 2018, hivyo oili ilibadilishwa kwa kukisia, na kwa kuwa injini hii hunywa karibu lita 10 kwa mara moja, kukisia kulikuwa daima kwa kuchelewesha. Waya wa saa ile uligharimu dola 25. Kuna mkanda wa taiming, ambao kwa injini ya 1HZ hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika safarini, valvu hupiga pistoni na injini nzima huharibika. Hakuna aliyejua wa Koko ulibadilishwa lini, na asiyejua yampasa abadilishe. Pampu ya maji ya bei nusu, iliyofungwa katika kasha zuri linalofanana na la kweli, ilidumu miezi minne. Kisha ekseli ya mbele: motokari ivukapo mto, maji huingia katika viungo vya magurudumu ya mbele kama sili zimechakaa, grisi inageuka kuwa uji wa kijivu, na beringi hufa polepole bila kupiga kelele. Msaidizi alisema amekwisha kuuona uji huo mara nyingi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kulala nako kuna utaratibu wake. Koko huwekwa juu ya magogo ili mipira isibonyee, betri hufunguliwa, tangi hujazwa mazutu ili unyevu usifanye maji ndani yake, na mara moja kwa juma huwashwa mpaka ipate joto vizuri.

Sitaki kuficha kwamba neno hili lilikuwa gumu kwa Baba Mdogo kuliko fedha. Motokari ikisimama uani miezi sita, wapita njia huuliza: "Imekufa?" Naye huwajibu, "Inapumzika," kwa sauti ya mtu anayemtetea mzee wake. Mwezi wa Februari 2025 alivunja agano letu. Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa katika uchungu tangu asubuhi, na mvua ilikuwa imekata njia ya pikipiki. Koko ilishushwa magogoni saa mbili usiku. Mtoto alizaliwa salama. Springi moja ilivunjika. Hakuna nyumbani aliyemlaumu. Katika daftari, chini ya TULIZITOA, pameandikwa: mazutu lita 22, springi, fundi, dola 85.

Tangu Mei 2025, kila baada ya safari, fedha za masomo hutengwa kwanza, mbele ya mazutu ya safari ifuatayo. Mama Mdogo ndiye mwenye ufunguo. Mwezi wa Oktoba binti yule alipanda gari la moshi kwenda Lubumbashi, na ada iliyobaki yamfuata kwa mafungu. Kabla ya kuondoka alimfundisha mdogo wake, mwenye miaka 12, kuisoma saa ya kilometa na kuandika katika daftari inayokaa mbele ya kiti cha abiria, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwandiko wa mtoto huyu ni mbaya, nimemwambia. Nalipofika mara ya mwisho nalifungua ukurasa wa Novemba. Ulikuwa na mstari mmoja: "Koko imelala. Magunia 14 kwa boti. Yamefika."